Je, Aliyedhulumiwa Aache Kuhesabu?

Baba yangu ana daftari. Ni lile la kurasa 96, lenye jedwali la kuzidisha nyuma, na jalada lake amelishona kwa uzi wa nyavu kwa sababu gundi ilichoka zamani. Ndani yake ameandika vitu alivyopoteza: boti moja ya mbao, nyavu nne, mbuzi kumi na mmoja, mabati ya nyumba, cherehani ya mama. Baada ya vitu anaandika miezi. Kila mwezi ukiisha anaongeza mstari mmoja. Alianza mwaka 1996, alipovuka Ziwa Tanganyika kutoka upande wa Fizi na kuletwa hapa Nyarugusu, na mpaka leo hajaruka hata mwezi mmoja. Hili ni daftari la tatu. Mawili yamejaa.

Mimi nilizaliwa hapa hapa kambini. Sina mbuzi wa kuandika. Lakini baba ameshaniambia mara mbili, mbele ya wadogo zangu, kwamba yeye akiondoka madaftari yatakuwa yangu na nitaendelea alipoishia. Ndiyo maana swali hili si la kupitishia wakati. Mtu aliyedhulumiwa, ambaye hakuna aliyekuja kumlipa wala kumwomba radhi, je, aache kuhesabu? Na mtoto wake je?

Majibu tunayajua, yako mawili. Kwenye semina tunaambiwa tusonge mbele, yaliyopita si ndwele. Huku mabarazani wazee wanasema asiyekumbuka atachomewa nyumba mara ya pili. Kila mmoja ana haki yake, na mimi kwa miaka mingi nilikuwa naitikia kwa yule aliyesema mwisho.

Jibu langu nilikuja kulipata mahali ambapo sikulitafuta, nikiwa nafundisha chombo cha anga kuelea juu ya Mwezi. Naomba mnivumilie kidogo niwaeleze kazi yenyewe, maana bila kazi jibu halitashika.

Rafiki yangu mmoja aliniletea flashi yenye simuleta inayoitwa Orbiter. Aliyeitengeneza ni Martin Schweiger, mtaalamu wa University College London. Aliitoa bure mwaka 2000, na mwaka 2021 akafungua hata msimbo wake, kila mtu ausome. Si mchezo wa kupiga risasi. Hakuna adui mle ndani, hakuna pointi. Kuna uzito, kasi na mafuta, basi. Sayari zinavuta kama zinavyovuta kweli, na ukikosea hesabu unaanguka. Inakubali kompyuta kuukuu kama yangu, haihitaji intaneti, na betri ya sola ikiwa imeshiba napata kama saa mbili za jioni. Mimi shule nimesoma kwa Kifaransa, mwongozo wake ni wa Kiingereza, na kichwani nafikiri kwa Kiswahili, kwa hiyo kila ukurasa nilikuwa nausafirisha mara mbili kabla haujafika.

Ndani ya Orbiter unaweza kuandika maagizo yako mwenyewe kwa lugha ya kompyuta inayoitwa Lua. Nikataka kutengeneza otopailoti, yaani rubani asiye mtu, yenye kazi moja tu: chombo kisimame mita 50 juu ya uso wa Mwezi, kisipande, kisishuke. Nilichagua hiyo kwa sababu nilidhani ndiyo rahisi kuliko zote. Si hakiendi popote?

Kumbe kusimama angani ni kazi. Mwezi unavuta kwa nguvu iliyo karibu moja ya sita ya ile ya dunia: kitu kikiachiwa, kila sekunde kinaongeza kasi ya mita 1.62 kwa sekunde, wakati hapa kwetu ni mita 9.8. Ni ndogo, lakini haipumziki. Chombo changu nilikipa tani 10, na injini ya kuinua yenye nguvu ya juu kabisa ya nyutoni 40,000. Ukipiga hesabu, ili kisimame tu pale pale kinataka nyutoni 16,200, zaidi kidogo ya asilimia 40 ya injini, mchana na usiku. Kukizima ni kukiangusha. Kuna wageni wanaopita na gari, wanatuona tumekaa mbele ya nyumba, wanasema hawa watu wamekaa tu. Jamani, hatukukaa. Mafuta yanaungua.

Turudi kwenye kazi. Agizo langu la kwanza lilikuwa la mtoto: tazama pungufu ni mita ngapi, na kwa kila mita moja ya pungufu ongeza asilimia 4 ya injini. Chombo kikaruka, kikapita mita 50, injini ikazima, kikaanguka, kikaruka tena. Kama mpira. Hakikujua kwamba kinakwenda kasi. Kilijua tu kiko wapi sasa hivi.

Nikaongeza agizo la pili: tazama pia kasi yako, na ukiwa unakaribia kwa haraka, punguza kabla hujafika. Hapo kikatulia vizuri kabisa. Nikampigia kelele mdogo wangu aje aone. Akaja, akatazama namba kwenye kioo, akauliza, “Si ulisema hamsini?” Ilikuwa mita 40. Nikasubiri. Mita 40. Haikutikisika wala haikupanda.

Nilikaa siku tatu na mita 40 ile. Sababu yake ni rahisi ukishaiona. Otopailoti yangu haikusukuma ila pale ilipoona pungufu. Kama ingefika 50, pungufu lingekuwa sifuri, injini ingezima, na chombo kingeshuka. Kwa hiyo kilishuka mpaka pungufu likatosha kuzaa ile asilimia 40 ya kubebea uzito, na hapo mita ni kumi. Chombo hakikuwa kimefika. Kilikuwa kimekubaliana na hali.

Aliyenitoa pale ni baba, ambaye hajui kompyuta hata kuiwasha. Baba alikuwa mvuvi na mshika usukani. Ziwa lile sijaliona kwa macho yangu. Nalijua kwa mdomo wake tu, kama ninavyoujua Mwezi kwa kioo. Nilimweleza tatizo kwa maneno ya boti: unaelekea taa fulani ng'ambo, upepo unakusukuma, na kila ukinyoosha unajikuta chini ya pale ulipotaka. Akacheka. “Mwanangu, upepo ukivuma kutoka upande mmoja usiku kucha, mkono unajifunza. Mwanzoni unarudisha boti kila ikienda kombo. Baada ya saa nzima mkono wenyewe unakaa umevuta kidogo, bila kuuambia. Unakumbuka upepo.”

Mwaka 1922 mhandisi mmoja, Nicolas Minorsky, alichapisha hesabu za meli kujiongoza yenyewe, na alianzia pale pale alipo baba: aliwatazama mabaharia washika usukani. Aliona kwamba baharia mzuri hatazami tu meli imekosea kiasi gani sasa. Anatazama pia inageuka kwa kasi gani, na anabeba mkononi kumbukumbu ya makosa yaliyopita. Mpaka leo mashine nyingi sana zinaongozwa na washauri hao watatu: anayetazama sasa, anayetazama inakoelekea, na anayekumbuka jana.

Basi nikampa chombo changu yule wa tatu. Kila sekunde chukua pungufu, liongeze kwenye jumla, na jumla hiyo isukume injini pia. Mimi niliiita limbikizo. Chombo kikaanza kupanda polepole kutoka mita 40. Kikafika 50, kikasimama. Kumbukumbu ndiyo iliyokipandisha. Hapo kama mngeniuliza swali la baba, ningejibu bila kufikiri: ahesabu, tena ahesabu sana.

Wiki iliyofuata nilifanya kosa. Niliandika sehemu ya kuifunga injini ili chombo kikae chini mpaka niruhusu, lakini nikasahau kuizima otopailoti. Nikatoka kwenda kupanga foleni ya maji. Nilikaa kama dakika arobaini. Muda wote huo chombo kilikuwa chini, kimefungwa, na ndani yake mshauri wa tatu anahesabu: pungufu mita 50, pungufu mita 50, pungufu mita 50, kila sekunde. Niliporudi limbikizo lilikuwa limefika 120,000. Sikulitazama. Nikafungua injini.

Kilitoka kama risasi. Kikapita mita 50 bila hata kugeuza shingo. Kikapita kilomita moja, mbili, tatu, injini imewaka asilimia mia, kwa sababu mshauri wa kwanza alisema tumepita, wa pili akasema tunakwenda mbio, na wa tatu akawafunika wote kwa deni lake. Injini ilikuja kuzima baada ya kama dakika moja, lakini kasi ilikuwepo tayari, na chombo kikaendelea kupanda mpaka kikapita kilomita 10. Halafu kikaanza kurudi. Sasa limbikizo lilikuwa limejaa upande wa pili: deni la kuwa juu mno. Kwa hiyo injini ilikataa kuwaka mpaka chini. Kiligonga Mwezi kwa zaidi ya mita 180 kwa sekunde, na mshauri wa tatu bado anahesabu.

Nilicheka siku ile. Wiki mbili baadaye sikucheka.

Watu wa upande wetu walikuwa wamemchagua baba kuwa msimamizi wa bomba. Si cheo kikubwa: unapanga foleni, unafunga koki saa ikifika, unatatua ugomvi wa madumu. Lakini kwa baba ilikuwa mara ya kwanza tangu 1996 kushika kitu ambacho mwingine anakihitaji. Kabla ya hapo, kila karatasi aliyopeleka ilikwenda na haikurudi, na kila mlango aliobisha aliambiwa asubiri. Watu walimchagua kwa sababu ni mpole. Kweli ni mpole. Hajawahi kutupiga.

Asubuhi moja mama mmoja alisogeza dumu lake mbele watu wawili. Alikuwa ameacha mtoto mwenye homa nyumbani. Ni kosa, ndiyo, na adhabu yake inajulikana: unarudishwa nafasi yako, unazomewa kidogo, maisha yanaendelea. Baba alilipiga teke dumu likamwagika. Akamwambia asikanyage bomba lile wiki nzima. Yule mama akajaribu kuomba, na lafudhi yake ilipotoka, lafudhi ya upande ule ambao baba anaulaumu, baba akapaza sauti mpaka watu wa bomba la pili wakageuka. “Miaka yote hii mnatupita mbele!” Mnatupita. Yule mama mwaka 1996 alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni.

Wiki nzima alichota maji bomba la mbali, na mtoto mgonjwa. Hakuna aliyesema neno, na mimi sikusema neno.

Usiku ule nilifungua kompyuta na nikaona ninachokitazama. Mtu amefungwa chini miaka mingi. Ameambiwa unastahili mita 50: nyumba, ziwa, jina lako, haki yako. Kila mwezi anaandika mstari. Injini yake imefungwa, si kwa hiari yake, kwa hiyo kuhesabu kwake hakumpandishi hata sentimita moja. Halafu siku moja anafunguliwa kidogo, ufunguo wa bomba tu. Na lote linatokea pale, juu ya kichwa cha mtu aliyesimama karibu.

Jambo hili si la baba peke yake. Madaraka yanatufikia kwa vipande vidogo: karatasi ya majina, kipaza sauti cha mkutano, ufunguo wa stoo. Na ipo siku kubwa tunayoiombea sote, ya kurudi au ya kupelekwa kwingine, siku kamba itakapokatwa. Tutaondoka na limbikizo la miaka ishirini na kitu. Tutapita mita 50 bila kuziona.

Wahandisi wanalijua tatizo hili, na dawa yake ni mistari mitatu. Injini ikiwa imefungwa au imefika kikomo chake, usiongeze kwenye limbikizo. Si kwamba pungufu halipo. Lipo, na mshauri wa kwanza bado analisema kila sekunde. Lakini kuliongeza kwenye mkono wakati mkono umefungwa hakuinui chochote; kunaandaa maangamizi ya baadaye. Nilipoandika hivyo nikamwacha chini dakika arobaini nyingine, nikafungua, kikapanda kistaarabu mpaka 50 na kusimama.

Nikachora mistari miwili kwenye karatasi, wa chombo kilichoanguka na wa kilichosimama, nikampelekea baba. Nilimweleza yote, na bomba nikalitaja. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, “Kwa hiyo mimi ni hilo sanduku la chuma.”

“Hapana, papa.”

“Upepo ukikatika,” akasema, kama hakunisikia, “mkono mjinga unaendelea kuvuta. Boti inazunguka yenyewe katikati ya maji matulivu. Hilo nalijua kabla hujazaliwa.” Halafu akanitazama. “Lakini niambie. Mimi nikiacha kuhesabu, nani atahesabu? Aliyechoma hahesabu. Aliyenunua mabati yangu sokoni hahesabu. Nikifunga daftari, ile nyumba haijawahi kuwepo.”

Sikuwa na jibu. Nikarudi kulala na aibu ya mtu aliyemfundisha baba yake kitu nusu nusu.

Jibu lilikuwa ndani ya programu ile ile, na nilikuwa nimeliandika kwa mkono wangu mwenyewe. Tangu mwanzo niliweka sehemu ndogo inayoandika kwenye faili, kila sekunde: urefu, kasi, injini, mafuta. Faili hilo halifuti chochote. Chombo kilipoanguka, ndilo lililonionyesha limbikizo limefika 120,000 na kwa nini. Bila hilo ningebaki nalaumu Mwezi. Lakini hakuna waya unaotoka kwenye faili hilo kwenda kwenye injini. Chombo kina kumbukumbu mbili. Moja inashuhudia, nyingine inasukuma. Ile ya kushuhudia haina kikomo, iandike mpaka mwisho wa dunia. Ile ya kusukuma lazima iwe na kikomo, na lazima inyamaze wakati mikono imefungwa.

Hapo ndipo nilipoona kwamba tunapogombana kuhusu kusahau na kukumbuka, tunatumia neno moja kwa vitu viwili. Aliyedhulumiwa asiache kuandika. Ni haki yake, na ni haki ya wasiozaliwa bado. Siku ya kusikilizwa ikija, karatasi ndiyo itakayosema, si hasira. Anachopaswa kukiacha ni ule waya unaotoka kwenye daftari kwenda mkononi.

Ninyi mnaofanya kazi nasi, mnaotuletea semina, naomba mnisikie na hili. Mkituambia tusahau, mnamwondoa mshauri wa tatu kabisa. Chombo kisicho naye hakianguki, ni kweli. Kinatulia mita 40, hakitikisiki, na kwenye fomu kitaandikwa kwamba hali yake ni nzuri. Lakini kiliambiwa 50. Kutulia si kufika. Mtu asiyelalamika tena anaweza kuwa amepona, na anaweza kuwa amekubaliana na pungufu. Kwa macho hamtawatofautisha. Mpaka muulize aliahidiwa nini.

Kuna kitu kingine tunachoweza kujifunza kwa waliotua kweli. Tarehe 20 Julai 1969, Neil Armstrong na Buzz Aldrin wakiwa wanashuka Mwezini, kompyuta yao ilianza kutoa onyo namba 1202, baadaye 1201. Maana yake ilikuwa imezidiwa: rada moja isiyohitajika kwa wakati ule ilikuwa inaiba muda wake. Programu ile, iliyotengenezwa huko MIT na timu iliyoongozwa na Margaret Hamilton, ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya saa kama hiyo. Ilijianzisha upya, ikaangusha kazi ndogo, ikashika zile za kushusha chombo salama. Na Armstrong alipoona kule kompyuta inakompeleka kumejaa mawe, alishika mwenyewe. Kompyuta ikabaki inashikilia kasi ya kushuka kama alivyoipangia, yeye akatafuta mahali. Hakuna hata safari moja ya Apollo ambayo mashine iliachiwa itue peke yake mpaka mwisho, ingawa iliweza kuongozwa hivyo. Hasira, mazoea, kumbukumbu za mwilini, zote ni otopailoti. Zinasaidia kushika kasi. Mahali pa kushukia, mtu atazame mwenyewe kuna nani chini.

Sasa kuna pingamizi, na ni zito, kwa hiyo sitaki kulikwepa. Chombo hakijadhulumiwa. Mwezi haukumchomea mtu nyumba. Uvutano hauna nia, hauna wa kushtakiwa, na kwa hiyo kuupangia hesabu si jambo gumu kwa roho. Mzigo wa baba una watu nyuma yake. Je, kumfananisha na uzito si kuwaosha mikono waliotenda?

Ingekuwa hivyo kama vyote vingekuwa kitu kimoja. Nilipoboresha otopailoti mara ya mwisho, niliiambia tangu mwanzo: asilimia 40 hii na kidogo si kosa, ni uzito wako, ianze nayo kila asubuhi bila kulalamika. Limbikizo likabaki na kazi ndogo sana, ya kusahihisha yale nisiyoyajua. Ndipo nikalisoma upya daftari la baba. Boti, nyavu, mbuzi, mabati, cherehani: hayo ni deni. Yana mdaiwa, hata kama hajulikani alipo, na yabaki yameandikwa mpaka mtu ayajibu. Lakini kati ya mistari ya miezi kuna mengine: magoti yanauma, mgawo umepungua, mvua imeingia ndani, mtoto wa tatu kaacha shule. Huo ni uzito. Unabebwa leo hata kama kesho wote waliotenda wangefungwa. Baba alikuwa ameviandika katika safu moja, na kila maumivu ya goti yakawa yanaongeza deni la mtu fulani. Na yule mama wa bomba hakuwemo katika deni wala katika uzito. Alikuwa tu amesimama karibu injini ilipofunguka.

Kuutaja uzito kuwa uzito hakumwoshi mtu mikono. Kunalisafisha deni, libaki deni tupu, la mtu wake, kiasi chake.

Nilimweleza baba haya jioni nyingine, tukimenya mihogo. Hakusema ndiyo. Aliuliza kitu kimoja tu: “Hicho chombo kikianguka, unafanyaje?”

Nikamwambia kuna kitufe cha kuanza upya. Ukikibonyeza, kinarudi pale pale kilipokuwa, kizima, na mafuta yake yote.

“Aa,” akasema. Akaendelea kumenya.

Kesho yake asubuhi alikwenda bomba la mbali. Sikwenda naye, nasimulia nilivyosimuliwa. Hakuomba msamaha, mimi sijawahi kumsikia akiomba, na sijui kama maneno anayo. Alimwambia yule mama arudi bomba letu. Yeye hakujibu. Alirudi baada ya siku nne. Mpaka leo anachota, anabeba, anaondoka, na baba hamsalimii wala hasalimiwi. Mtoto alipona.

Juzi baba alinipa daftari la tatu nishone tena jalada, kwa sababu macho yake hayaoni tena tundu la sindano. Nikafungua ukurasa wa mwisho. Amechora mstari katikati kwa rula, kutoka juu mpaka chini. Upande wa kulia ameandika magoti na mvua. Upande wa kushoto, chini ya boti na nyavu na mbuzi ambao ameunakili upya kwa mwandiko wa kutetemeka, kuna mstari mpya: maji ya siku saba, mama wa bomba. Mbele yake, mahali ambapo kwa miaka yote anaandika jina la mdaiwa au anaacha wazi, ameandika jina lake mwenyewe.